Mandolini Nzito ya Hershel Prater

Kwetu bondeni Caney, kwenye milima ya wachimba makaa, tulikuwa na mzaha mmoja ambao hatukuuchoka: ukikosa nyundo, nenda kaazime mandolini ya Hershel Prater. Mzee mwenyewe akiusikia alicheka kuliko wote. "Changu hakipasuki," alisema, huku akiigonga ala hiyo ya nyuzi nane, ndogo kuliko gitaa, kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. "Wanaochonga karatasi nawaona kila siku. Mimi nachonga mbao, na tangu nishike patasi sijatoboa ubao hata mmoja." Tuseme ukweli, Hershel alikuwa fundi. Lakini mdomo wake nao ulikuwa fundi. Alikufa na sifa hiyo, akazikwa nayo kule kilimani, na mwanawe Orbin akaendelea kuipiga mandolini ile kwenye harusi, kwenye misiba, na Jumamosi barazani kwa duka la njia panda.

Aliyeteseka ni bega la Orbin. Zamani dari ya mgodi ilimdondokea, wenzake wakamchimbua kwenye makaa, na mfupa ukaunga upande. Ujanani alijikaza kisabuni. Sasa mvi zimemjaa, na mkanda wa mandolini ukikaa begani kwa nusu ya wimbo tu, vidole vya kushoto vinakufa ganzi na mkono unashuka wenyewe, utadhani si wake.

Angeweza kuishi na hilo kama si kifo cha mkewe. Lorene aliondoka katikati ya theluji, na siku zake za mwisho aliomba kitu kimoja. Jumapili ya Makaburi itakapofika, watu wote wakiwa wamepanda kilimani na maua yao na vyakula vyao, Orbin ampigie ule wimbo wa siku za uchumba, mwanzo hadi mwisho, kwa mandolini ile ile. Orbin akaahidi. Baada ya Pasaka akajaribu, peke yake jikoni. Hakufika hata ubeti wa tatu. Akaweka mandolini mezani, akalia, kisha akavuka kijito kwenda kwa dada yake.

Dada yake ni Delphia, na ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Karakana yake ilikuwa banda la kukaushia tumbaku alilolipiga mbao na kulitia madirisha. Mandolini zake zilikwenda Tennessee, Carolina na kwingineko, na wapigaji walizisifu kwa jambo moja hasa: wepesi. Ukiinyanyua mandolini ya Delphia, mkono unakuja juu haraka kuliko ulivyotarajia. Alikuwa mfupi, mkavu, na vidole gumba vilivyopinda kwa kukwaruza mbao, na ulimi wake haukuwa na breki.

Orbin aliweka sanduku juu ya meza ya kazi bila kulifungua.

"Delphia, hii unaweza kuipunguza?"

"Kuipunguza nini?"

"Uzito. Ulidhani nimeileta inyolewe?"

Delphia alinyoosha kidole. "Kaka, angalia ukutani. Chagua yoyote. Ile ya pembeni ni nyepesi kama ndege, nakupa kabisa."

"Lorene hakuniambia nimpigie yoyote ya ukutani."

Hapo Delphia akaiondoa mikono yake mezani. Mandolini ile hakuwahi kuishika. Baba yao alimchongea Orbin kwa ajili ya harusi yake, na wakati ule Delphia alikuwa bado anafundishwa, anafagia mabaki, ananoa patasi, anasubiri zamu yake. Zamu ilipofika mwaka uliofuata, akiwa na miaka kumi na tisa, alipewa ubao mzuri wa msonobari mwekundu autoe tumbo kwa ndani. Akautoa vizuri sana mpaka karibu na ukingo, pale ubao unapoinama kabla ya kupanda tena, akasukuma randa mara moja zaidi, na mwanga wa dirisha ukapita. Tundu lenyewe halikuzidi ukucha. Hershel aliuchukua ubao, akautia jikoni kwenye jiko la makaa, wote wakiona. "Mkono unaotoboa haufundishiki," alimwambia. "Nenda kamsaidie mama yako." Hakumsaidia mama yake. Alikwenda mjini kwenye kiwanda cha mashati, akashona kola mpaka baba yao alipokufa, na ndipo aliporudi kununua randa yake ya kwanza akiwa na watoto wakubwa.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini hakutaka kuligusa sanduku lile.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nitaifungua mgongo."

"Usiifungue."

"Nitapunguzaje bila kuifungua? Niiombee?"

"Kwangua kwa nje."

"Kwa nje kuna rangi ya baba. Nikiigusa, Shangazi Vesta atanizika mimi Jumapili hiyo hiyo." Shangazi Vesta alikuwa dada wa Hershel, bibi wa miaka tisini hivi, na ndiye mlinzi wa sifa za marehemu wote wa ukoo. "Unaogopa nini, Orbin? Nimefungua mandolini nyingi kuliko meno yako."

"Meno yangu yamebaki machache."

"Orbin."

Kaka yake alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alitazama dirishani, akatazama viatu vyake. Delphia alidhani ni heshima kwa marehemu. "Ukiivunja," Orbin alisema polepole, "sina nyingine. Na Jumapili haisogezwi."

"Najua."

"Basi fungua. Lakini mimi sitazami." Akatoka, akaketi barazani, akawapa mgongo mlango na dada yake.

Delphia alivipasha moto visu viwili vyembamba, akalegeza gundi ya mgongo kidogo kidogo, tone la maji hapa, joto pale. Gundi ya ngozi ya ng'ombe ina ukaidi wake; ukiilazimisha inang'oa ubao, ukiibembeleza inaachia. Kila mara mgongo ulipolia kidogo, kiti cha barazani nacho kililia. Mwishowe mgongo ukaja mzima mkononi mwake, na harufu ya mbao za zamani ikapanda, ile ile ya shati la baba yao siku za kazi. Kisha akainama kutazama.

Jambo la kwanza aliloliona lilimchekesha. Lile gogo la ndani linaloshika shingo, ambalo yeye kwa kawaida hulichimba likabaki ukuta tu, baba yao aliliacha zima, kubwa kama mkate wa mahindi. "Mzee ulikuwa unajenga daraja," Delphia alinong'ona. Mtu asiyejua hudhani uzito wa mandolini uko usoni, kwenye ubao wa mbele chini ya nyuzi, hukimbilia kuukwangua uso mpaka nyuzi zikaudidimiza. Uzito hupenda kujificha mahali pasipopiga sauti. Akalichimba gogo lile kwa patasi ya mviringo, akaupunguza mgongo kwa randa ndogo ya shaba inayoenea kwenye vidole viwili, akatoboa kwa siri ndani ya kichwa kinachobeba vigingi vya nyuzi, mahali palipofunikwa. Kila mara aliyapima mabaki kwa mizani ya unga. Yalikuwa mengi, lakini hayakutosha. Alipoishika mandolini kwa mkono mmoja, bado iliinamia upande mmoja.

Ndipo alipougeukia uso wenyewe.

Alipitisha kidole gumba ndani, polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Upande wa kulia: sawa, mnene kidogo, si vibaya. Katikati, chini ya nyuzi: mnene, na panapaswa kuwa mnene. Upande wa kushoto: akasimama. Upande ule ulikuwa mnene kama ubao wa mlango. Hershel, aliyejua kuchonga, alikuwa ameuacha nusu haujachongwa. Kwa nini? Akasogeza kidole kuelekea ukingoni, pale ubao unapoinama, na kidole kikakwaa kwenye kipande kilichoinuka kidogo.

Alileta taa.

Kilikuwa kiraka. Kimekatwa vizuri, kimegundishwa kukatisha nyuzinyuzi za mti ili kuubana mpasuko, kingo zake zimelainishwa kwa ustadi. Chini yake, ukipiga taa kwa ubavu, ungeona mstari wa ufa na tundu lililozibwa kwa vumbi la mbao; ndiyo maana mzee hakuthubutu kuendelea kuuchonga upande ule. Na kwa nje? Kwa nje palikuwa na ile rangi nyeusi ya ukingoni ambayo kila mtu bondeni aliisifu, rangi iliyotoka kahawia katikati ikakolea hadi weusi wa makaa pembeni. Mandolini za Hershel za zamani hazikuwa na weusi ule. Ulianza na hii.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hershel kifo kilimpa muda mrefu, lakini hakikumsahau.

Delphia aliketi. Mahali palikuwa pale pale. Ukingo ule ule, bonde lile lile dogo kwenye ubao, na tundu halikuzidi lake. Yeye wake ulichomwa jikoni. Huu ukapakwa rangi na kuimbiwa kwenye harusi. Alipotaka kusimama kwa hasira, akauona ule weusi mwingine, mdogo, ndani ya ubao, karibu na kiraka. Si rangi. Ulikuwa mguso wa moto.

Baba yao hakutumia vipimo. Alichonga akiwa na taa ya mgodini nyuma ya ubao, ile yenye ulimi mweupe wa moto, na alijua unene kwa rangi ya mwanga unaopita: ukiwa mwekundu, endelea, ukiwa wa chungwa, acha. Lakini anayekwaruza ana mikono miwili kazini. Taa haijishiki yenyewe. Siku ubao ulipotoboka, ulimi wa moto ulipenya tundu ukaramba mbao, na kulikuwa na mtu aliyeishika taa ile. Mama yao hakukanyaga karakana. Delphia hakuwepo siku ile, la sivyo angelijua. Na taa ya mgodini ilikuwa ya mchimba makaa mmoja tu nyumbani mwao.

"Orbin!"

Kiti cha barazani hakikulia.

"Orbin, njoo hapa ndani."

Alikuja, akasimama mlangoni. Delphia hakumwonyesha kiraka. Aliigeuza tu mandolini ili mwanga uingie.

"Nani alishika taa?"

Orbin alivua kofia yake, akaizungusha mikononi, na hilo likawa jibu tosha.

Angeweza kumfukuza. Aliniambia mwenyewe kwamba kwa muda fulani aliona wazi jinsi atakavyoutupa ule ubao kijitoni na kwenda kulala. Lakini palikuwa na kaburi jipya kilimani, na Lorene hakumkosea mtu. Akachomeka taa ya umeme kwenye waya mrefu, akamsukumia kaka yake kifuani.

"Shika. Ulijua kuishika wakati ule, shika na leo."

"Delphia, mimi..."

"Nimesema shika taa. Mkono wa kulia, ule mzima. Nyuma ya ubao, hapa. Usiitikise."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiraka asingeweza kukitoa. Tundu la nje lilikuwa vumbi na rangi tu, angeking'oa na lote lingeondoka nacho. Kukiacha kama kilivyo na kuuacha upande ule wote mnene kulimaanisha bega la Orbin lisingevuka ubeti wa tatu. Ilibidi akikwangue kiraka mpaka kiwe chembamba kama ganda la kitunguu, na aupunguze ubao pande zake zote, juu ya ufa ambao ulikuwa umelala hapo tangu enzi ya harusi. Msonobari mwekundu wa zamani ni mkavu kama biskuti. Ukikosea huoni ishara. Unasikia tu.

Akaanza kwa bamba la chuma la kukwaruzia, miguso mifupi, akipuliza vumbi. Mwanga nyuma ya ubao ulikuwa giza kabisa mwanzoni, kisha ukawa kahawia kama kovu, kisha ukaanza kuwa mwekundu. Orbin alikuwa akipumua kwa mdomo, ile pumzi nzito ya wachimba makaa. Delphia alisikia hasira ikimshuka mikononi, na mikono yenye hasira hukwaruza kwa kina. Akaacha. Akasugua viganja kwenye aproni. Akarudi.

"Unapumulia shingoni kwangu."

"Nitapumulia wapi? Nimefungwa na waya wako."

"Pumulia kando."

Wekundu ukafunguka, ukaenea kutoka katikati kwenda ukingoni. Kiraka kilibaki doa jeusi katikati ya mwanga, nalo likaanza kulainika kingoni. Mguso. Pumzi. Mguso. Alikuwa amebakiza upana wa kidole afike ufani aliposikia: *tik*.

Kwenye ubao mstari mmoja mweupe, mwembamba kama unywele, ukatokea ubavuni mwa kiraka. Gundi ya Hershel ilikuwa imechoka. Kiraka kilikuwa kinaachia, na ufa ulikuwa unakifuata.

"Mungu wangu," Orbin alinong'ona. "Lorene."

"Weka taa chini. Chini! Nipe hiyo sufuria ya gundi. Sasa lete kidole gumba."

"Kidole?"

"Vibano havifiki hapo. Kidole chako nje, changu ndani. Nikisema bana, bana, na usikisogeze mpaka ipoe."

Akaupasha ufa joto kwa ncha ya kisu, akaipenyeza gundi ya moto kwa brashi ndogo, akaisugua ndani mpaka ikatokeza mstari mwembamba wa asali kwa nje. "Bana!" Vidole vyao viwili vikakutana, na katikati yake palikuwa na ubao usiozidi unene wa kadi tatu.

"Nikisogea je?" Orbin aliuliza.

"Ukisogea, utampigia Lorene filimbi."

Wakasimama hivyo. Gundi ile hushika inapopoa, na haipoi kwa kuharakishwa. Nyuso zao zilikuwa karibu kuliko zilivyowahi kuwa tangu utotoni, na Delphia, aliyekuwa na maneno ya miaka arobaini tumboni, hakuweza hata kunyoosha kidole kumwelekezea. Roho ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umekamatwa.

Orbin ndiye aliyeanza. "Alitetemeka," alisema. "Baba. Moto ulipochomoza kwenye tundu alirusha randa ukutani, kisha akatetemeka mwili mzima. Sijawahi kumwona hivyo, hata msibani kwa mama. Akaniambia nikimwambia mtu, nisikanyage tena kwake. Harusi yangu ilikuwa wiki ile ile, Delphia."

"Na mwaka uliofuata? Nilipotoboa mimi?"

"Nilidhani atakuambia. Niliona ule ubao wako, pale pale palipotoboka wake, nikasema moyoni, sasa atacheka, atasema hata mimi. Nikasubiri aseme."

"Ukasubiri mlangoni."

"Nikasubiri mlangoni."

"Nimeshona kola, Orbin." Sauti ilimtoka chini sana, maana hata kupaza sauti kungemtikisa. "Kola za mashati ya watu nisiowajua. Kila siku niliiangalia mikono yangu nikaiambia, nyinyi ni mibovu. Niliamini. Unajua kuamini? Nyani haoni kundule, huyo ni baba, nimekwisha kumwelewa. Lakini wewe uliliona!"

"Usisogee," alisema Orbin, na machozi yalikuwa yakimchuruzika hadi kidevuni asiweze kuyafuta. "Tafadhali usisogee."

"Sijasogea. Bana."

Walibana mpaka kidole cha Orbin kikawa cheupe. Delphia alipoachia, aliachia kwanza nusu, kisha yote. Ufa ulikuwa umefunga. Akaugonga ubao kwa ncha ya kidole. Badala ya ule mlio wa meza, ukajibu kwa mlio mrefu kidogo. Hakumwambia kaka yake kitu kingine siku ile, isipokuwa kwamba kofia yake ilikuwa imeanguka ndani ya takataka.

Aliimaliza kazi peke yake. Akaunga fito mbili mpya nyembamba chini ya ubao, akaurudisha mgongo, akaibana pande zote kwa vibano, akaiacha ikae. Siku ya kuifunga nyuzi alimwita Orbin asimame hapo, maana nyuzi nane zikivutwa zinaukandamiza ubao kwa nguvu za mtu mzima anayekaa juu yake, na kama ingezama, alitaka mwenye hasara aone. Akavuta wa kwanza. Akavuta wa pili. Kila uzi ulipopanda sauti, wote wawili waliangalia ule weusi wa ukingoni. Ubao uliugulia mara moja, ukajiweka sawa, ukanyamaza.

Orbin aliuvaa mkanda. Akanyanyua mkono wa kushoto taratibu, akingoja maumivu. Haukuuma. Akapiga pigo moja, na sauti ikatoka kubwa kiasi kwamba paka wa Delphia alikimbia.

"Dada," alisema.

"Nenda kajifunze tena ubeti wa tatu," Delphia alimjibu. "Na usiseme asante, sina pa kuiweka."

Jumapili ya Makaburi ilikuja na jua. Meza za kukunja zilipangwa kando ya uzio, kuku wa kukaanga, maharage yenye mfupa wa nguruwe, mikate ya mahindi, keki ya matofaa makavu yenye tabaka nyingi ambayo Shangazi Vesta peke yake aliruhusiwa kuikata. Watoto waliruka makaburi wakakemewa. Mhubiri alisema machache, kwa rehema za Mungu. Kisha, kama ilivyo desturi yetu, anayepiga wimbo wa kwanza husimama kando ya wafu wake na kusema neno moja zuri juu yao kabla ya kupiga.

Orbin alisimama. Kaburi la Lorene bado lilikuwa udongo mwekundu, na la Hershel lilikuwa jirani, na jiwe lake jeusi linalong'aa. Delphia alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya meza, na bakuli la maharage mkononi. Alikuwa akiliombea bega na ule upana wa kidole ubavuni mwa kiraka. Hakuomba kingine.

"Lorene mnamjua," Orbin alisema. "Alinivumilia. Hilo ndilo neno lake zuri, na atakayesema ni dogo hajakaa nami." Watu wakacheka. "Nina neno pia juu ya baba. Mandolini hii mnayoisifu aliitoboa. Hapa ukingoni. Nilikuwepo, nilimshikia taa, tukaziba, tukapaka rangi."

Nzi walitua kwenye kuku bila mtu wa kuwafukuza.

"Orbin Prater!" Shangazi Vesta alipiga fimbo chini. "Nyamaza! Baba yako amelala hapo!"

"Najua alipolala, Shangazi. Nilimshusha mwenyewe." "Mwaka uliofuata Delphia alitoboa wa kwake, tundu lile lile, akafukuzwa kama mwizi. Nilisimama mlangoni nisiseme kitu. Bega langu halikuweza tena kuibeba hii, mkono ulikuwa unaanguka. Delphia aliifungua, akakiona tulichokificha, na bado akaichonga ili nimpigie mke wangu. Kwa hiyo leo mkisikia sauti, msiseme mkono wa Hershel. Ni mkono wa Delphia."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Wengine walimtazama kwa huruma, wengine kwa hasira ya kuharibiwa marehemu wao, na binamu mmoja alikuwa amesahau paja la kuku mdomoni. Orbin hakusubiri. Akapiga. Ubeti wa kwanza, wa pili, na wa tatu, ambao jikoni kwake ulikuwa umemshinda, ukapita kama nyingine, na mkono wake ukabaki juu.

Delphia alikuwa ameingojea siku ya namna hii bila kujua kwamba anaingojea. Angeulizwa, angesema kifua kingemfunguka, angesimama wima, angewatazama wote machoni. Haikuwa hivyo. Aliliangalia jiwe jeusi, na aliyemwona pale hakuwa yule mzee mwenye mdomo. Alimwona mtu aliyerusha randa ukutani akatetemeka mwili mzima, na siku binti yake alipotoboa vile vile mbele yake, hakuweza kuvumilia kujiona. Siku ya kumzika, Delphia hakutoa hata chozi moja, na watu walimsema. Sasa bakuli la maharage lilimponyoka, likamwagika nyasini, naye akaketi chini palepale kati ya miguu ya watu na kumlilia baba yake kwa sauti.